Sindano, dawa ya kunywesha au sakafu? Ulinganisho wa njia za kudhibiti minyoo, ukurutu na tegu kwa mwenye nguruwe wachache

Mwenye nguruwe watano akiingia duka la dawa za mifugo na kuomba "dawa ya minyoo ya nguruwe", hutoka na moja kati ya chupa mbili: ivermektini ya kuchoma au albendazoli ya kunywesha. Apewe ipi, mara nyingi inaamuliwa na kilichopo rafuni siku hiyo. Lakini chupa hizo hazifanyi kazi moja. Moja inaua ukurutu na kushindwa na minyoo fulani. Nyingine inasafisha tumbo na kumwacha nguruwe akijikuna ukutani vilevile. Na kuna mdudu mmoja, tegu, ambaye kwa kipimo cha kawaida zote mbili hazimgusi. (Mdudu kwa maana ya kimelea, si lile jina la utani la nyama ya nguruwe kwenye sahani na ndizi.)

Mfugaji tunayemfikiria hapa ana majike mawili au matatu, dume la kuazima na watoto wa kunenepesha, kama walivyo wafugaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Iringa na Njombe hadi Mbeya na Songwe. Vipimo ni vilevile kwa aliye Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Unapambana na nani

Minyoo mviringo ndio wanaojulikana zaidi: weupe wenye wekundu kidogo, urefu wa sentimita 20 hadi 40, na mara nyingine hutoka wazima kwenye kinyesi. Madhara yao makubwa hayaishii tumboni. Yai likimezwa, lava hutoboa utumbo, hupita kwenye ini, hupanda mapafuni, hukoholewa na kumezwa tena. Ndiyo maana nguruwe wa miezi mitatu hukohoa kikohozi kikavu bila homa. Ndiyo maana pia ini machinjioni hukutwa na madoa meupe kama matone ya maziwa, likatupwa. Tangu yai limezwe hadi mnyoo mpya aanze kutaga ni wiki 6 hadi 8. Shika namba hiyo, ndiyo inayopanga ratiba yote.

Minyoo wa umbo la mjeledi huleta kuharisha kwenye kamasi na damu kwa nguruwe wa miezi miwili hadi mitano. Wengi huchoma antibiotiki wiki nzima bila mafanikio kabla ya kufikiria minyoo. Minyoo uzi huwapata watoto wanaonyonya, kupitia maziwa ya mama, na kuharisha huanza wakiwa na wiki mbili hivi. Minyoo wa vinundu hukondesha majike wanaonyonyesha. Minyoo wa mapafu hupitia kwa nyungunyungu, kwa hiyo nguruwe asiyekanyaga udongo wala kuufukua hawapati.

Kwenye ngozi, chawa wa nguruwe ni wakubwa, wa kahawia, unawaona kwa macho nyuma ya masikio na kwenye mikunjo ya mapaja, na mayai yao meupe yamegandamana na nywele. Utitiri wa ukurutu huwaoni. Angalia ndani ya sikio: magamba ya kahawia yaliyokauka kama nta, na nguruwe anayejikuna mpaka ngozi inakuwa nene na yenye mikunjo. Kwenye udongo mkavu wa mchanga, kagua na kwato. Funza huingia hapo na kumfanya mnyama achechemee.

Kama kuna kuharisha au kudumaa na hujui sababu, kinyesi kibichi kiasi cha kijiko kimoja au viwili, kwenye kopo safi lenye mfuniko, kikafika maabara ya mifugo siku hiyohiyo, kitakuokolea pesa nyingi kuliko kubahatisha. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo Iringa.

Dawa kwa sambamba

| Dawa | Minyoo mviringo | Minyoo mjeledi | Minyoo wa mapafu | Chawa na ukurutu | Tegu kwenye nyama |
|---|---|---|---|---|---|
| Ivermektini 1%, sindano | Ndiyo | Si ya kutegemea | Ndiyo | Ndiyo, mara mbili | Hapana |
| Fenbendazoli, mdomoni | Ndiyo | Ndiyo, kwa siku 3 | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Albendazoli, mdomoni | Ndiyo | Si ya kutegemea | Ndiyo | Hapana | Hapana kwa kipimo cha kawaida |
| Levamisoli | Ndiyo | Si ya kutegemea | Ndiyo | Hapana | Hapana |
| Piperazini, kwenye maji | Ndiyo, wakubwa tu | Hapana | Hapana | Hapana | Hapana |
| Oksfendazoli, kipimo kikubwa | Ndiyo | Ndiyo | Ndiyo | Hapana | Ndiyo |
| Amitrazi, kunyunyizia | Hapana | Hapana | Hapana | Ndiyo | Hapana |

Ivermektini: chupa yenye uwezo mpana, na kosa lake la kila siku

Faida yake ni kwamba sindano moja inashika tumbo, mapafu na ngozi. Kwa mfugaji ambaye hawezi kununua chupa tatu, hakuna dawa nyingine inayomkaribia. Lakini lebo za chupa nyingi huanza na ng'ombe, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kwa ng'ombe kipimo ni mikrogramu 200 kwa kilo ya uzito, yaani mililita 1 kwa kilo 50. Kwa nguruwe ni mikrogramu 300, yaani mililita 1 kwa kilo 33. Nguruwe wa kilo 48 anahitaji mililita 1.5, ukimpigia hesabu ya ng'ombe anapata chini kidogo ya 1, theluthi mbili tu ya haki yake. Ukurutu unatulia wiki mbili, unarudi, na mfugaji anasema dawa ni feki.

Kosa la pili ni kukadiria uzito kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani. Nguruwe akiwa amesimama anakula, pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mgongo kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 14,400. Mfano: kifua sentimita 90, urefu 85. 90 × 90 × 85 ni 688,500. Gawa kwa 14,400 unapata karibu kilo 48. Ukimpima huku amekunja shingo, urefu unapungua na dawa inapungua nayo.

Dawa inaingia chini ya ngozi, nyuma ya sikio, si kwenye msuli wala mshipa. Kwa aliyeachishwa kunyonya, sindano fupi namba 18 inatosha; kwa jike mkubwa tumia namba 16 iliyo ndefu zaidi. Nguruwe wa kilo 10 anahitaji mililita 0.3, na hiyo huwezi kuisoma kwenye bomba la mililita 10. Nunua bomba la mililita 1 linalotumika kwa insulini. Dawa inawasha, atapiga kelele na kurusha kichwa. Afungwe kamba ya pua au abanwe na ubao kwenye kona kabla hujatoboa, la sivyo nusu ya dawa inamwagika kwenye nywele na huna namna ya kujua ameingiziwa kiasi gani.

Ivermektini haiui mayai ya chawa wala ya utitiri. Sindano ya pili siku ya 14 ni sehemu ya tiba, si ya hiari. Na nguruwe wote wa banda wachomwe siku moja, hata yule asiyejikuna. Dume la kuazima ndiye msambazaji mkuu wa ukurutu kijijini. Likija kupandisha bila kutibiwa, umerudi ulikoanzia.

Sindano ina hatari nyingine isiyohusu minyoo. Kule kunakovuma homa ya nguruwe ya Afrika, sindano moja ikipita banda hadi banda inahamisha kirusi kisicho na tiba. Kila nguruwe na sindano yake; kama huna za kutosha, za chuma zichemshwe dakika 20. Mtaalamu anayezunguka na bomba lake mfukoni, mwambie kwa heshima kwamba utatumia la kwako.

Dawa za kunywesha: fenbendazoli na albendazoli

Hizi hazina uwezo wowote kwenye ngozi, lakini kwa tumbo ni bora. Fenbendazoli ya 10%, kwa kipimo cha miligramu 5 kwa kilo, ni mililita 1 kwa kilo 20, mara moja. Kwa minyoo mjeledi, gawa kwa siku tatu: miligramu 3 kwa kilo kila siku, yaani nguruwe wa kilo 50 apate mililita 1.5 leo, kesho na keshokutwa. Albendazoli ya 10% ni mililita 1 kwa kilo 10.

Tofauti inayowahusu wenye majike ni mimba. Fenbendazoli ni salama kwa jike mwenye mimba. Albendazoli ina hatari ya kuharibu mimba changa, kwa hiyo iepukwe katika mwezi wa kwanza na nusu baada ya kupandishwa. Ambaye dume lake linatembea na majike na hajui tarehe ya kupandishwa, achague fenbendazoli bila kubishana na bei.

Tukifika kwenye bei, linganisha kilo za nguruwe, si ukubwa wa chupa. Lita moja ya albendazoli ya 2.5% inatibu kilo 2,500 kwa kipimo cha miligramu 10 kwa kilo. Lita ya albendazoli ya 10% inatibu kilo 10,000. Chupa ya mililita 100 ya fenbendazoli ya 10% inatibu kilo 2,000. Ivermektini ya mililita 50 inatibu kilo 1,650. Gawa bei ya duka lako kwa namba hizo. Mara nyingi chupa kubwa ya 2.5% iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, na nguruwe anamezeshwa maji mengi bure: kilo 50 ni mililita 20, dhidi ya mililita 5.

Namna ya kumpa ndiyo inayogawanya waliofaulu na waliofeli. Nguruwe haminywi mdomo kama mbuzi. Ukimwinua kichwa akipiga kelele, koo la hewa liko wazi, na dawa uliyosukuma inaingia mapafuni. Siku ya tatu anakohoa, siku ya tano amekufa kwa nimonia na lawama inaangukia dawa. Kama lazima umnyweshe, ngoja anyamaze, weka ncha ya bomba pembeni mwa shavu, toa kidogo kidogo huku akitafuna. Njia nyepesi ni chakula. Asiwekewe chakula jioni. Asubuhi changanya dawa kwenye pumba kidogo zilizolowa, kiasi wanachomaliza kwa dakika kumi, ndipo uwape chakula kilichobaki.

Chakula nacho kina mtego wake: mbabe wa banda hula dozi za wenzake watatu. Tenga kwa ukubwa, watatu watatu, kila mmoja na chombo chake. Anayebaki nyuma kwenye kula ndiye mwenye minyoo wengi, na ndiye atakayekosa dawa ukiwamwagia pamoja. Vidonge vikubwa vya ng'ombe vya miligramu 2,500 tungevikwepa kabisa. Nguruwe wa kilo 50 anahitaji sehemu ya tano ya kidonge, na hakuna anayekikata sehemu tano zilizo sawa kwa kisu cha jikoni. Kidonge cha miligramu 300 kwa kila kilo 30 kinaeleweka.

Levamisoli inafanya kazi vizuri kwa minyoo mviringo na wa mapafu kwa miligramu 7.5 kwa kilo, lakini nafasi kati ya dozi na sumu ni ndogo: ukizidisha, nguruwe anatokwa mate, anatapika na kutetemeka. Kwa asiye na mizani wala futi, isiwe chaguo la kwanza. Piperazini inaua minyoo mviringo waliokomaa, basi. Baada ya wiki chache lava waliokuwa safarini wanafika tumboni na kazi inaanza upya.

Ngozi: sindano au bomba la kunyunyizia?

Amitrazi ya 12.5%, ileile ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, kwa nguruwe huchanganywa mililita 4 kwa lita moja ya maji, mara mbili ya kipimo cha ng'ombe. Nyunyiza mpaka ilowe: ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia, katikati ya kwato. Ukiruka masikio umeacha mbegu. Rudia baada ya siku 7 hadi 10. Kwanza mwoshe kwa sabuni ya mche na brashi, ukwangue magamba. Dawa haipenyi ukoko. Nyunyiza na kuta mpaka kimo cha nguruwe. Vaa glavu, na usiinyunyize jua likiwa kali. Kama una punda, asiguswe kabisa na mabaki ya dawa hiyo. Amitrazi husimamisha utumbo wake.

Amitrazi ni nafuu kwa nguruwe wengi, na inawafaa wanaokaribia kuuzwa ikiwa muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo ni mfupi. Ivermektini inashinda kwa ukurutu ulioganda, kwa jike mwenye mimba usiyetaka kumsumbua, na wakati wa mvua, ambapo dawa ya kunyunyizia husafishwa kabla haijafanya kazi.

Oili chafu ya gari ipo kwenye orodha hii kwa sababu iko kwenye mabanda mengi. Inaziba chawa wachache walio juu, haiwafikii utitiri waliochimba ndani ya ngozi, na ina madini ya sumu ambayo nguruwe huyalamba. Kwa watoto weupe inaunguza ngozi. Haina nafasi kwenye ulinganisho.

Tegu ni shauri jingine

Mnyoo tegu mkubwa anaishi kwenye utumbo wa mtu, si wa nguruwe. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, mayai hugeuka vifuko vya maji kwenye nyama, vyeupe, kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva anapata tegu. Mtu akimeza mayai yenyewe, kwa mikono michafu au mboga, vifuko vinaweza kuota kwenye ubongo wake na kumletea kifafa. Mbulu na Mbozi ni kati ya maeneo ya Tanzania ambako watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wameufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi.

Dawa inayofaa kwa dozi moja ni oksfendazoli, miligramu 30 kwa kilo mdomoni; ikiwa ya 10% ni mililita 3 kwa kilo 10. Usiichanganye na lebo za oksfendazoli ya mbuzi na kondoo zenye kipimo kidogo. Hicho hakifiki kwenye nyama. Muda wa kusubiri kabla ya kuchinja ni siku 17 kwa ile iliyotengenezwa kwa kazi hii, lakini vifuko vilivyokufa huchukua wiki nyingi kunywea, takriban miezi mitatu nyama ionekane safi. Ukimtibu leo na kumchinja mwezi ujao, dawa imetoka mwilini ila mkaguzi bado ataona punje na kuitupa nyama. Ipo pia chanjo, TSOL18, inayochomwa mara mbili. Inazuia maambukizi mapya lakini haiondoi vifuko vilivyopo, kwa hiyo huenda pamoja na oksfendazoli.

Wanunuzi wengi hupima kwa ulimi: nguruwe analazwa, mdomo unafunguliwa kwa fimbo, ulimi unavutwa kwa kitambaa na kupapaswa chini. Ukiguswa uvimbe mgumu mdogo unaoteleza chini ya vidole, ni tegu. Usipouona, haina maana kwamba hayupo. Mwenye vifuko vichache mara nyingi hupita.

Kulinganisha gharama hapa ni rahisi. Choo chenye mlango na nguruwe aliyefungiwa humaliza tegu kwa gharama ya mara moja; dawa na chanjo ni za kila kizazi cha nguruwe. Na kwenye familia ambayo nguruwe wake amekutwa na vifuko, watu wenyewe waende kituo cha afya, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa mwenye tegu anakula meza moja nao.

Sakafu inaamua utanunua dawa mara ngapi

Mayai ya minyoo mviringo yanastahimili miaka kwenye udongo, na dawa nyingi za kuulia vijidudu hazipenyi ganda lake. Dawa ya minyoo inaondoa waliomo tumboni leo. Sakafu inaamua watarudi lini.

Kuachia huru ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa chakula na ghali kuliko zote kwa afya: minyoo yote, tegu, wa mapafu, funza, na homa ya nguruwe juu yake. Kufunga kamba chini ya mti kunapunguza tegu kidogo lakini kunaweka kinyesi na chakula mahali pamoja. Hamisha kigingi kila siku, na usirudi eneo lilelile msimu huohuo.

Matandazo manene ya maranda na udongo yana sifa ya kutonuka, na kwa hilo ni kweli. Kwa minyoo mviringo tunayaona kama benki ya mayai. Joto la kuchachuka lipo chini, nguruwe analala na kufukua juu, ambako ni vuguvugu na unyevunyevu, hali ambayo mayai hukomaa kwa takriban mwezi mmoja. Anayeyatumia ahesabu dawa kila miezi miwili na abadilishe matandazo yote kila kundi linapotoka.

Sakafu ya zege ni nzuri ikiwa na mwinamo wa sentimita 3 hadi 4 kwa kila mita na haina nyufa. Ikipasuka, mayai hukaa kwenye ufa na ufagio unapita juu. Mbao zilizoinuliwa sentimita 60 kutoka chini, zenye nafasi ya sentimita 1 kwa watoto na karibu 2 kwa wakubwa, ndizo tunazozipa nafasi ya kwanza kwa bajeti ndogo: kinyesi kinadondoka chenyewe, miguu inakauka, na mbao zipo. Ubaya wake ni kuoza baada ya miaka michache na kuvunja mguu wa mtoto pale nafasi inapopanuka. Nyufa za mbao pia ni maficho ya papasi; nyunyiza humo.

Usafi una hesabu yake. Yai linahitaji wiki tatu hadi nne za joto ndipo liambukize, kwa hiyo kinyesi kinachoondolewa kila siku hakipati muda. Kabla jike hajaingia banda la kuzalia: kwangua, lowesha kwa maji ya sabuni, sugua, mwaga maji yanayochemka kwenye nyufa, acha jua lifanye kazi siku kadhaa. Kisha mwoshe jike tumbo na chuchu kwa sabuni, kwa sababu mayai yanayonata kwenye chuchu ndiyo mlo wa kwanza wa mtoto.

Samadi irundikwe, ifunikwe kwa turubai na igeuzwe ili kila sehemu ipate joto la nyuzi 55 na zaidi. Isipopata, mayai hutoka hai. Angalia hasa shamba la matembele. Wengi humwaga samadi mbichi kwenye viazi vitamu, kisha wanakata majani na kuyarudisha bandani. Mwenye kufanya hivyo anawalisha minyoo wale aliowalipia dawa.

Za kienyeji

Mbegu za papai, tumbaku, majivu, mwarobaini: zinatumika kila mahali. Utomvu wa papai umewahi kupimwa kwa nguruwe na kuua minyoo mviringo, lakini kwa gramu 8 kwa kilo. Nguruwe wa kilo 30 anahitaji gramu 240 za utomvu, na baadhi hupata kuharisha kidogo. Hesabu ni mapapai mangapi mabichi utayachanja. Konzi ya mbegu kwenye pumba haiko karibu na kipimo hicho. Tumbaku ina nikotini, na dozi ya kuua mnyoo inakaribiana na ya kumlewesha nguruwe.

Uchague nini

Kama una pesa ya chupa moja tu, iwe ivermektini, na mlengwa wa kwanza awe jike: siku 7 hadi 14 kabla ya kuzaa. Hapo unakata njia ya ukurutu, chawa na minyoo kwenda kwa watoto wote kwa pamoja, kwa mililita 4 au 5 za dawa.

Kama nguruwe wako hawajikuni, masikio ni safi na tatizo ni kudumaa, usichome. Fenbendazoli wakati wa kuachisha kunyonya, irudiwe kila miezi miwili kwenye udongo au matandazo, kila miezi mitatu au zaidi kwenye mbao au zege safi. Kukiwa na kamasi na damu kwenye kinyesi, ni fenbendazoli ya siku tatu.

Nguruwe mgeni akae pembeni siku 30, achomwe ivermektini siku ya kufika na siku ya 14. Karantini hiyo ni muhimu zaidi kwa homa ya nguruwe kuliko kwa minyoo, lakini inafanya kazi zote mbili.

Na wanaonenepesha kwa ajili ya Krismasi wahesabu kurudi nyuma. Lebo nyingi za ivermektini huandika siku 28 za kusubiri kwa nguruwe, kwa hiyo anayechinjwa Desemba 24 asichomwe tena baada ya Novemba 26. Kama chupa yako inasema vingine, fuata chupa. Ukurutu ukilipuka Desemba mosi, tumia amitrazi kwa muda ulioandikwa kwenye lebo yake, au mwache auzwe Januari. Oksfendazoli ya tegu, ili nyama iwe imesafika, iwe imeshatolewa kufikia mwanzo wa Septemba.